Springi Hubeba, Shoki Hutuliza



Nianze na swali. Mara ya mwisho gari ulilopanda lilipovuka tuta, liliruka mara ngapi? Iwe ni gari lako, ni matatu, au ni lifti uliyopewa baada ya ibada. Lilipanda, likashuka, likatulia? Au liliendelea kunesa mpaka mkafika tuta lingine?

Huku kwetu Kitengela swali hili si geni. Ukiacha tu lami ya barabara ya Namanga unaingia kwenye udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Mvua ikipita, kila gurudumu huacha shimo lake, na jua likirudi mashimo yale hukauka yakawa magumu kama saruji. Magari yetu huumia upande wa chini, mahali ambapo hakuna mtu anayepangusa Jumamosi.

Majuzi mimi na kijana wangu tulibadilisha shoki za nyuma za gari letu hapa nyumbani, kwa mikono yetu. Gari lenyewe ni Vitz ya zamani. Nataka nikueleze tulivyofanya, kwa sababu najua wengine wenu mtaijaribu kazi hii na ningependa muifanye kwa usalama. Pia kuna neno lililonikuta pale chini ya gari, na tangu siku hiyo sijaweza kuliweka kando.

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome 1 Wafalme 19, mstari wa 1 hadi wa 8. Kisha urudi tuendelee.

KAZI MBILI TOFAUTI

Wengi wetu gari likianza kunesa tunasema springi zimekufa. Mara nyingi springi hazijafa. Kule nyuma kuna vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja, na kila kimoja kina kazi yake.

Springi ndiyo inayobeba uzito. Inabeba bodi ya gari, watoto, gunia la viazi na mitungi ya maji. Gurudumu likiingia shimoni springi inajikunja, inapokea kile kishindo, halafu inataka kukirudisha chote. Inasukuma gari juu, gari linashuka, inasukuma tena. Ukiiacha peke yake haijui kusimama.

Shoki ndiyo inayoiambia springi, "Inatosha." Ni bomba lenye mafuta ndani, na ndani ya mafuta kuna pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likinesa, pistoni inalazimika kupita kwenye yale mafuta, na mafuta yanapenya kwa shida katika vile vitundu. Ile nguvu ya kishindo inageuka kuwa joto na kupotelea hewani. Ukisimama baada ya safari ya barabara mbaya ukagusa shoki nzima, utaisikia ina joto. Imekuwa ikimeza mishtuko kwa niaba yako, kimya kimya.

Sasa sikiliza hapa, mpendwa. Katika gari kama letu shoki haibebi uzito, kwa hivyo ikifa gari haliinami. Linasimama kimo kile kile. Ukilipeleka kuoshwa linang'aa. Jirani akilitazama likiwa limeegeshwa atasema, "Mchungaji, gari lako liko sawa." Na kweli linaonekana sawa, mpaka likutane na shimo.

Usidhani hili ni jambo la starehe tu. Gari likinesa, tairi hupoteza mshiko wake barabarani, na wakati mwingine huachana na barabara kabisa kwa muda mfupi. Tairi iliyo hewani haiwezi kushika breki wala kukata kona. Ndiyo maana gari lenye shoki zilizokufa huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Usiku, malori yakiwa mbele na nyuma yako kwenye barabara ya Namanga, nafasi hiyo ndogo ndiyo tofauti ya kufika na kutofika.

UTAJUAJE?

Lisimamishe gari, weka mikono juu ya kona ya nyuma, bonyeza kwa uzito wako wote, kisha achilia. Likipanda na kutulia, ni dalili nzuri. Likiendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu, shoki ya kona hiyo imechoka.

Kisha inama utazame chini. Shoki iliyolowa mafuta yaliyoshika vumbi imepasuka sili yake, na hakuna maombi yatakayoyarudisha yale mafuta ndani. Tazama na tairi pia. Ukipitisha kiganja juu yake ukahisi mabonde na vilima, huenda imekuwa ikidundadunda barabarani badala ya kukanyaga vizuri. Sikiliza na sauti: "go, go, go" kutoka nyuma kila unapovuka tuta mara nyingi ni bushi, zile mpira zinazokaa kwenye viungo, zimekwisha na sasa chuma kinagonga chuma.

Letu lilikuwa na dalili zote hizo. Na sababu tunaijua. Mama mkwe wangu aliishi nasi miezi 14 akiwa mgonjwa, mpaka Bwana alipomchukua mwezi wa nne. Kliniki ilikuwa kila wiki, na kiti chake kilikuwa cha nyuma, upande wa kushoto, akiwa amewekewa mito miwili. Mke wangu alikaa kando yake akimshika begani kila tulipokaribia tuta. Nilikuwa naliendesha lile gari kama mtu aliyebeba mayai. Tulipomaliza mazishi na wageni wakaondoka, gari likabaki uani likiwa na shoki mbili zilizokwisha.

TULIVYOFANYA

Tulinunua shoki mbili mpya barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogani, pamoja na bushi zake na nati mpya. Mwenye duka alituuliza kama tunataka moja tu, kwa kuwa ya kulia ilikuwa bado ina uhai kidogo. Tukakataa. Shoki hubadilishwa kwa jozi. Ukiweka mpya upande mmoja na kuuacha mzee upande mwingine, gari litakuwa linatulia kushoto huku likinesa kulia, na kwenye kona litakuvuta. Nilikataa pia za mtumba kutoka Japani, kwa sababu sili na mpira huzeeka hata kama bomba linang'aa.

Tuliegesha mahali tambarare penye zege, tukavuta breki ya mkono, tukaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Nati za magurudumu ya nyuma tulizilegeza kidogo kabla ya kuinua gari, maana gurudumu likiwa hewani huzunguka tu unapohangaika na spana. Kisha tukapiga jeki, tukaweka stendi mbili za chuma chini ya gari, pale pagumu palipokusudiwa kubeba, tukalishusha gari likalalia stendi.

Nisisitize hapa kama baba. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama ni kuokota nati. Jeki ni ya kuinua. Stendi ni ya kushikilia. Wako watu waliozikwa wakiwa vijana kwa sababu ya dakika hiyo moja. Kama huna stendi, azima. Kama hakuna wa kukuazima, mpelekee fundi.

Tulipotoa magurudumu tukaweka jeki chini ya ekseli ya nyuma, tukaipandisha mpaka ikagusa na kuibeba kidogo. Sababu ni hii: kwenye gari kama letu shoki ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiifungua bila kuishikilia ekseli, inaanguka, inavuta paipu za breki, na springi inaweza kuchomoka mahali pake.

Bolti ya chini ilikuwa imeshikana na kutu. Tuliipulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, na tena asubuhi, na bado ilihitaji spana ndefu na subira. Nati ya juu nayo ina ujanja wake. Ukiizungusha, fimbo ya shoki inazunguka nayo, kwa hivyo mtu mmoja anashika ncha ya fimbo na mwingine anafungua nati. Kazi hii inataka watu wawili. Mhubiri 4:9-12 inasema wazi faida ya kuwa wawili, na aliyewahi kufungua shoki ataielewa haraka.

Tulipoitoa ile ya zamani nikamwambia kijana aisukume kwa mkono. Ikaingia bila upinzani wowote, kama pampu ya baiskeli iliyotoboka. Nikampa mpya. Akaisukuma kwa nguvu zake zote, ikaingia polepole, na kutoka ikatoka polepole. Akaishika tena na tena. Ana miaka 16, na tangu mazishi alikuwa haongei sana.

ALICHOSEMA KIJANA

Akainama akaitazama springi pale ilipo.

"Baba, kwa hivyo springi haikuwa na shida?"

"Haikuwa na shida. Ni nzima."

"Ilikuwa inabeba tu, lakini hakuna wa kuituliza."

"Ndiyo hivyo."

Akakaa kimya akipangusa mikono. Kisha akasema, "Ni kama mama."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Mama hajaangushwa na kitu. Anaenda kazini, anapika, anaimba kwaya. Lakini juzi kifuniko cha sufuria kilianguka, akaketi sakafuni akalia mpaka ugali ukaungua."

Nilibaki nimeshika spana. Sikuwa na la kumwongezea, maana alikuwa amesema kweli yote. Mke wangu alimbeba mama yake miezi 14. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani usiku. Baada ya mazishi alisimama akawashukuru watu, na Jumapili iliyofuata alikuwa madhabahuni na kwaya. Springi yake haikuvunjika. Kile cha kumeza kishindo ndicho kilichokwisha, na kifuniko cha sufuria kilitosha kumrusha.

(Mke wangu ameyasoma haya kabla sijayaweka hapa. Aliniambia, "Yaache. Kuna dada mwingine anayahitaji.")

ELIYA CHINI YA MRETEMU

Sasa rudi kwenye ile sura uliyosoma. Eliya ametoka Karmeli. Ameona moto ukishuka, ameona mvua ikirudi, amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Hakuna aliyebeba mzigo mkubwa kuliko yeye siku ile. Halafu Yezebeli anamtumia ujumbe wa vitisho, na yule mtu aliyewakabili manabii 450 wa Baali anakimbia nyikani, anaketi chini ya mti mmoja, na anamwomba Mungu amwondolee uhai.

Je, imani yake ilikuwa imekufa? Hapana. Bado alikuwa anazungumza na Mungu. Alikuwa amebeba mpaka akaisha, na kishindo kilichofuata kikamrusha.

Tazama Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Hakumwambia ajikaze. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, kwa maana Mungu alijua kwamba safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Usingizi, chakula, usingizi, chakula. Ile sauti ya utulivu kule Horebu ilikuja baadaye.

Kanisani, mpendwa, tunasifu sana springi. Tunampigia makofi mjane aliyerudi kuongoza maombi wiki moja baada ya kuzika. Tunasema, "Huyo ana imani." Huenda anayo. Lakini ni nani amekwenda jioni kukaa naye jikoni? Nani amewachukua watoto wake Jumamosi moja ili alale mchana? Bwana Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, akijua atamfufua. Machozi hayakupunguza uweza wake.

Jioni ile mimi na kijana tulipika. Mke wangu alilala saa mbili usiku na hakuamshwa na mtu. Wiki iliyofuata dada yake alikuja akakaa siku nne. Walizungumza habari za mama yao mpaka usiku wa manane, wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Sikuambii kwamba yamekwisha. Nakuambia kwamba sasa kuna mtu wa kumeza kishindo pamoja naye.

MAMBO MATATU YA KUONDOKA NAYO

La kwanza, jibonyeze uone. Kitu kidogo kikikupata asubuhi, kama neno la bosi, ujumbe wa shule kuhusu karo, au mtoto kumwaga chai, unatulia baada ya muda gani? Ukiona kishindo cha saa moja asubuhi bado kinakunesesha saa tatu usiku, na watu wa nyumbani ndio wanaorushwa nacho, usiseme wewe ni mtu wa hasira tu. Huenda umebeba muda mrefu bila wa kukutuliza. Mwambie Mungu hivyo hivyo, kama Eliya alivyomwambia.

La pili, usikaze nati gari likiwa hewani. Hili ni la fundi na ni la kiroho. Bolti za bushi huingizwa kwa mkono gari likiwa juu, lakini hukazwa kabisa uzito wa gari ukiwa umerudi juu ya magurudumu. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, ile mpira inashikwa katika mkao usio wake, na ukishusha gari inabaki imejisokota siku zote mpaka ipasuke. Na wewe, usifanye uamuzi mkubwa ukiwa unaning'inia. Kuna watu huuza shamba wiki ya matanga. Wengine huacha kazi, huvunja uchumba, au huahidi mbele ya jeneza vitu ambavyo hawataviweza. Ingiza bolti kwa mkono tu. Ngoja miguu irudi chini. Ndipo ukaze.

La tatu, ijue kazi isiyo ya nyumbani. Kwenye gari letu shoki na springi zimekaa mbalimbali, ndiyo maana tuliweza. Kuna magari ambayo springi imezungushiwa shoki na kubanwa kwa nguvu kubwa mno. Ukiifungua ile nati ya juu bila kifaa cha kubana springi, inafyatuka na inaweza kuua. Hiyo mpeleke fundi mwenye kifaa. Vivyo hivyo kuna huzuni ambayo chai na mazungumzo haviitoshi. Kama hulali kwa majuma, kama huwezi kula, kama umeanza kuomba kama Eliya kwamba heri ufe, usikae nalo peke yako hata leo usiku. Mwambie mtu mmoja sasa hivi. Nenda hospitali, muone mshauri. Njoo kwangu pia, na nitakwenda nawe. Kwenda kwa daktari si kumkana Mungu. Yule aliyemtuma malaika na mkate ndiye anayewapa watu maarifa ya kutibu.

Na wewe ambaye wiki hii uko imara, nakupa kazi. Kuna mtu kanisani kwetu anayeonekana yuko sawa kabisa. Amesimama kimo kile kile, nguo zimepigwa pasi, anasema "nimebarikiwa" ukimsalimu. Usimwulize tu habari yake ukapita. Mpelekee chakula. Kaa. Mshikie ncha ya fimbo afungue nati yake.

Tuombe.

Baba, wewe unatuona upande wa chini, mahali ambapo watu hawapangusi. Unajua nani amebeba kwa muda mrefu. Mpe usingizi usiku wa leo. Mtumie mtu mwenye mkate na maji. Utulize kishindo ambacho bado kinamrusharusha, yeye na nyumba yake. Na utufanye sisi kuwa watu wa kumezea wenzetu mishtuko, sio wa kuwaongezea. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna jina la mtu limekujia ulipokuwa ukisoma, usianze kwa kuandika Amina hapa chini. Mpigie simu kwanza.

Mchungaji wako.